Pishi ya Watoto

"Suruali ni moja, Bi Shadia! Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, mwenye suruali ni yuleyule!"

"Ni moja, sawa. Mbona basi uji wa watoto unatoka mfuko wangu peke yangu?"

Ilikuwa Ijumaa jioni, na barabara ya Mkuyuni ilijaa watu utadhani kuna harusi. Akina mama waliotoka gulioni walitua vikapu vyao vya mananasi ili wasikie vizuri. Ugomvi wa majirani, nani akubali kupitwa?

Mwenye habari za suruali alikuwa Kondo, fundi anayeendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Bi Shadia, mama mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa na mashine yake mwenyewe ng'ambo ya barabara.

Pale kwao kuna desturi inayoitwa pishi ya watoto. Kila Ijumaa mwenye mashine hutazama wiki yake ilivyokwenda. Akiwa amepata faida, hupima unga kutoka katika faida hiyo na kuupeleka shuleni, wanafunzi wapikiwe uji. Aliyepata zaidi hutoa zaidi. Asiyepata, hakuna anayemgusa. Lakini mashine ya kijiji, tangu ianze kazi mwaka uliopita, haikuwahi kutoa hata kibaba kimoja.

"Mashine ni ya kijiji na shule ni ya kijiji," alisema Kondo. "Sasa kijiji kijitoze chenyewe?"

"Na kwa kuwa hutoi, unasaga kwa bei ya chini," alijibu Bi Shadia. "Wateja wote wamehamia kwako. Mimi ninayetoa nimebaki na nzi!"

Watu wakaangua kicheko, ila yeye hakucheka. "Basi nimechoka. Jumatatu msinitazame. Mambo yakiendelea hivi nafunga mlango, namfuata kaka yangu Turiani nikalime mpunga."

Nyuma ya Kondo alisimama binti yake, Mwanvita, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa akitabasamu. Maneno ya baba yake yalimfaa kweli kweli, kwa maana Jumatatu kulikuwa na mdahalo shuleni. Mada ilisema: mashirika ya serikali yanayofanya biashara yalipe kodi ya mapato kama kampuni za watu binafsi. Mwanvita alikuwa msemaji mkuu wa upande wa kupinga, na mfano wa suruali alikwisha kuuona ukimpa ushindi.

Jumatatu ilipofika, jiko la shule halikutoa moshi. Pendo, rafiki yake Mwanvita, alikuwa ameshuka mlimani tangu alfajiri bila kutia kitu kinywani. Alikaa chini akashika tumbo.

"Wewe si ndiye unayetuambia kila siku kwamba uji huu ni wa mashine ya baba yako?" Pendo alimwambia Mwanvita. "Basi kamwambie alete, tunakufa!"

Kweli, Mwanvita alizoea kujisifu hivyo, na aliamini ndivyo ilivyo; hata Ijumaa masikio yake yalikuwa kwenye mfano wa suruali, na malalamiko ya Bi Shadia aliyaona ya ugomvi tu. Alikwenda jikoni. Mpishi, Mama Theresia, alikuwa akifuta sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Shikamoo, Mama Theresia."

"Marahaba, mwanangu."

"Unga wa mashine ya kijiji umekwisha?"

Mama Theresia alimtazama kwanza. "Kinachokwisha ni kilichokuwapo. Uji mliokunywa mwaka mzima ni wa Bi Shadia, na hakuna mwingine."

Mwanvita alirudi darasani. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa Bi Shadia. Shikamoo alimpa. Asante hakuwahi kumpa hata siku moja.

Saa nne mdahalo ukaanza. Wazazi walikuja kwa wingi. Kondo alikaa mbele, karibu na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hatibu. Bi Shadia naye hakukubali kupitwa. Alijibanza nyuma kabisa, kanga imemfunika mpaka puani.

Mwalimu Severin alieleza kwamba kodi ya mapato ya kampuni hutozwa kwenye faida, na fedha zake husaidia kulipia shule, barabara na hospitali. Kisha akamwita Eustace, msemaji wa upande wa kuunga mkono.

"Mashirika mawili yanatengeneza sabuni ileile," alisema Eustace. "La serikali halilipi kodi, la mtu binafsi linalipa. Huyo anayelipa atashindana vipi?"

Wakapiga makofi. Zamu ya Mwanvita ikafika. Alisimama.

"Mwalimu na wasikilizaji, nilikuja kupinga. Nilitaka kusema kwamba serikali ndiyo mwenye shirika, faida yote ni yake, kwa hiyo kulitoza kodi ni kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Hoja hiyo niliipenda sana. Lakini leo nina njaa."

Darasa likacheka. "We Mwanvita, unatuuza!" alinong'ona Abdi wa upande wake.

"Niliwaambia uji ni wa mashine ya baba. Haikuwa kweli. Mfuko mmoja ulifungwa mwaka mzima, na Bi Shadia akatulisha peke yake mpaka amechoka. Bi Shadia, asante. Nilipaswa kukuambia zamani."

Kondo aliinamisha kichwa. Kule nyuma kanga ilipanda kutoka puani ikafika machoni.

Abdi hakukubali kushindwa. "Mashine ya kijiji inawasagia wazee bure. Huko kusaga bure nako kutozwe?"

Mzee Hatibu aliomba ruhusa ya kujibu.

"Umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Kumsagia mzee bure hakuleti faida, na pasipo faida hakuna cha kupima. Hiyo ni huduma, iendelee. Lakini cha umma kikiingia sokoni kutafuta faida, kibebe mzigo wa soko kama wengine. Tusiseme 'ni chetu sote' halafu tukamwachia mtu mmoja atubebe sote. Kosa ni letu sisi viongozi, ndio tulioamua mashine isitoe."

"Na mimi pia, mzee," alisema Kondo taratibu. "Nilifurahi kuona foleni iko kwangu."

"Mwanao ametufunza," alisema Mzee Hatibu. "Ukila, ujue unakula jasho la nani, na ushukuru mapema."

Alasiri ileile halmashauri ya kijiji ilikutana, ikakubaliana. Jioni Kondo aliufikisha shuleni mfuko wa kwanza wa unga, kisha yeye na Mwanvita wakavuka barabara kwenda kwa Bi Shadia. Nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yake, majirani mkekani, watoto mpaka uvunguni.

"Hodi," alisema Kondo, amesimama kizingitini. "Bi Shadia, nimekuja kukuomba. Usiende Turiani. Kuanzia sasa mashine ya kijiji nayo itatoa pishi ya watoto."

"Kwa hiyo bei zetu zitalingana?"

"Zitalingana. Tutashindana kwa ulaini wa unga."

"Hapo utalia, Baba Mwanvita!" Nyumba nzima ikacheka, na safari hii Bi Shadia akacheka kuliko wote. Akamsogelea Mwanvita, akamshika shavu. "Mwaka mzima nimepima unga, mwanangu. Asante yako ndiyo ya kwanza kunifikia. Turiani kutanisubiri."

Kisha akageuka, akafunua chungu. Harufu ya magimbi ya nazi ikajaa mlangoni.

"Sasa mbona mmesimama hapo kama wageni? Binti yangu Semeni, mletee Baba Mwanvita maji ya kunawa. Nyie watoto, sogeeni. Karibuni ndani, tule."