Pasi Imezimwa?

Tik.

Ilikuwa sauti ndogo tu, ya swichi ya ukutani ikibonyezwa gizani kabla hakujapambazuka. Sebuleni, kati ya cherehani ya mama yake na meza ya kukatia vitambaa, Kibibi alikuwa amesimama bila viatu. Alitaka kuizima swichi iliyokuwa imezimwa tangu jana, na ili aizime ilibidi kwanza aiwashe. Tik, tena tik. Akapapasa waya wa pasi, akaukuta umelala sakafuni, mbali na ukuta. Akaigusa pasi yenyewe kwa ncha za vidole. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Ni baridi," alijinong'oneza.

Una hakika? moyo ukamuuliza.

Walimwita Kibibi kwa sababu tangu alipoanza kutembea alikwenda taratibu, mikono nyuma, kama mtu mzima anayekagua mali zake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na ukaguzi ule ulikuwa umegeuka kazi isiyo na mwisho.

"Mama," aliita kupitia pazia la chumbani. "Pasi imezimwa?"

"Imezimwa, mwanangu. Rudi ulale."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

Jibu lile lilimpoza, lakini kabla hajafika kitandani wasiwasi ulikuwa umeshatangulia na kumsubiri.

Mambo haya yalianza muda mfupi baada ya duka la dobi wa mtaa wa pili kuteketea. Watu walisema ni pasi iliyosahauliwa. Walisikitika, kisha wakaendelea na shughuli zao. Kibibi hakuweza. Kila alipokaribia shule alimwona mama yake katikati ya moshi, wazi kabisa, na miguu ikamgeuza. Alipofika nyumbani akihema, alimkuta mama anashona na kuimba, na pasi imelala zake. Kisha akakimbia tena kwenda shule, akalikuta geti limefungwa.

Aliyejua siri hii alikuwa mmoja tu: Twiga, binti wa mama mkubwa, aliyeishi nao na kulala na Kibibi kitanda kimoja. Twiga alikuwa mrefu kiasi kwamba akijifunika mabega, miguu inabaki nje, akifunika miguu, mabega yanalalamika.

"Usimwambie mtu," Kibibi alimsihi siku alipomweleza. "Wataniona mwehu."

"Nimwambie nani mimi? Nimeimeza, na haitoki."

Kibibi alimwamini. Kwao, Twiga hakuwa binamu, alikuwa dada.

Wote wawili walicheza mpira wa pete katika timu ya shule. Na katika mchezo ule, neno linalosikika kuliko yote ni pasi. Hukimbii na mpira. Ukiudaka unasimama, na wenzako wanakuomba kutoka kila upande.

Jioni moja ya mazoezi, Kibibi aliudaka mpira katikati ya uwanja.

"Pasi," aliita wa kulia.

"Pasi," akaita wa kushoto, kisha akaongeza kwa sauti tamu, "lakini umeichomoa?"

"Mwacheni akaiangalie nyumbani kwanza," alisema mlinzi wa goli. "Sisi tutamsubiri hapahapa."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Kibibi akamtafuta Twiga kwa macho, kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. Twiga alikuwa chini ya goli. Mkono wake ulikuwa mdomoni na mabega yanatikisika. Naye alikuwa anacheka.

Mpira ulimponyoka Kibibi ukabingirika hadi nje ya mstari. Nyuma yake walizidi kuita, pasi, pasi, na hakujua tena ni ipi ya mpira na ipi yake. Akaokota mkoba wake akaondoka.

Jioni ile chumbani, Twiga aliingia akinyata, jambo lisilo rahisi kwa miguu kama yake.

"Ulisema umeimeza," Kibibi alisema bila kugeuka.

"Walikuwa wanakuita mvivu. Walitaka mwalimu akutoe kwenye timu kwa sababu ya kuchelewa. Nikataka kukutetea. Nikasema si uvivu, ni wasiwasi wa pasi."

"Na kucheka? Nako kulikuwa kunitetea?"

Kibibi akachukua mto wake, akaenda kutandika mkeka kando ya cherehani.

Tangu hapo hakwenda shule. Asubuhi tumbo linauma; kesho yake kichwa. Mama, ambaye alishonea watu na hakuwa na nafasi ya kupumua, aliona labda ni homa. Lakini kukaa nyumbani kutwa karibu na pasi kulizidisha mambo. Sasa Kibibi aliigusa hata mchana.

Siku moja mama alimaliza kunyoosha suruali ya mteja, akachomoa waya, akatoka mlangoni kumkabidhi. Aliporudi alimkuta binti yake amezamisha vidole kwenye beseni la maji, machozi yanamtiririka.

"Hukujua ni ya moto?"

"Nilijua."

"Na ulijua nimeichomoa?"

"Nilikuona ukiichomoa."

"Sasa ulishika nini, mwanangu?"

"Kujua hakunitoshi, mama."

Mama akakaa kitako palepale sakafuni. Siku zote alidhani ni woga wa kitoto utakaopita. Aliona sasa kwamba haupiti. Ndipo Kibibi akamweleza yote: moshi anaouona, swichi ya alfajiri, na kicheko cha Twiga.

Zahanati waliyokwenda ilikuwa na chumba kidogo mwishoni mwa ukumbi. Baada ya vidole kufungwa bandeji, waliingizwa humo kwa muuguzi wa afya ya akili, mama mnene aliyevaa miwani juu ya nywele na kuitafuta mezani.

"Wazo likikujia linasemaje?" alimuuliza Kibibi.

"Kwamba nisipoangalia, mama ataungua, na kosa litakuwa langu."

"Ukiangalia?"

"Linanyamaza. Halafu linasema sikuangalia vizuri."

"Na mama ukimuuliza, anakujibu?"

"Kila mara," mama alidakia kwa fahari kidogo.

Muuguzi akatabasamu. "Paka wa jirani akilia mlangoni ukampa samaki, atanyamaza. Kesho atalia mapema zaidi, na atataka samaki mkubwa."

Mama akainamisha kichwa. "Basi mimi ndiye ninayegawa samaki."

"Kwa upendo, ndiyo. Sikiliza, binti. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi, na uko wa namna nyingi. Wapo wanaoogopa kitu kimoja, mbwa au lifti, hata kukikaribia hawawezi. Wapo ambao wazo moja huwarudia na kuwalazimisha kurudia jambo lilelile: kunawa mpaka ngozi ichubuke, kukagua kufuli, kukagua pasi. Ugonjwa wako ni huu wa pili. Wewe si mwehu, si mvivu, wala hujarogwa. Na unatibika. Tutaonana kila wiki, tutapunguza ukaguzi kidogo kidogo. Mama, akikuuliza, usimjibu."

Kibibi alidhani ni utani. Haukuwa.

"Mama, pasi imezimwa?" aliuliza usiku uleule.

Cherehani iliendelea kuzunguka.

"Mama."

"Nimekusikia, mwanangu. Na unajua kwa nini sijibu."

"Twiga alisema nisichotaka aseme," Kibibi alisema. "Wewe hutaki kusema ninachotaka useme. Nyote mmenisaliti."

Maneno yale yalimchoma mama. Aliacha kazi, akaja kukaa naye mkekani, akamshika mkono usio na bandeji. Hofu ilipanda kifuani mwa Kibibi kama maziwa jikoni, akawa na hakika itafurika. Haikufurika. Ilikaa juu muda mrefu, kisha, bila kupewa chochote, ikashuka yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikishuka.

Haikuwa kazi nyepesi. Siku nyingine alishinda. Siku nyingine mama aliisikia swichi alfajiri, akabaki kitandani.

Mwisho wa juma mama aliwaita mabinti wote wawili kwenye meza ya kukatia.

Twiga alianza, akitazama mkasi. "Niliwaambia wenzetu kwamba nilikosea. Mwalimu wa michezo amewakanya pia. Sikuombi unisamehe leo."

"Vizuri, kwa sababu leo siwezi," alisema Kibibi.

Mama hakuwalazimisha kupeana mikono. "Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama wa jicho au wa tumbo," alisema. "Ila hauonekani, kwa hiyo mwenye nao anategemea adabu ya aliyemwambia. Twiga, mwenzako akikueleza jambo linalomtesa, mahali pa kulipeleka ni kwa mtu mzima anayeweza kumsaidia. Si uwanjani. Ungeniambia mimi, usingekuwa umemsaliti, ungekuwa umemwokoa. Nawe Kibibi, kulificha kulikuacha peke yako nalo. Anayeumwa husema mapema, hutibiwa mapema. Na mimi nimejifunza kwamba kumpoza mtu si kumtibu."

Twiga alikwenda kuosha vyombo, ingawa haikuwa zamu yake.

Jumatatu asubuhi sare mbili zilikuwa zimenyooshwa. Kibibi alivaa yake, akafunga viatu, akasimama mbele ya pasi. Vidole vilimwasha. Mama alikuwa kwenye cherehani, ameinama kabisa, anashona mstari uliokwisha kushonwa. Kibibi akavuta pumzi, akaiachia, akaipa pasi mgongo bila kuigusa.

Kizingitini Twiga alikuwa anasubiri, mikoba yote miwili begani.

Kibibi akachukua mkoba wake.

"Bado nina hasira na wewe, lakini twende tusichelewe."