Wito wa Tatu

Mie magofu siyapendi, na kaka yangu Haidar alikuwa akiyafuata popote yalipo. Kontena lake lilikuwa likingoja meli Nansha, huku China tunakofanyia biashara, na yeye, badala ya kutulia hotelini, akaenda kuangalia ngome ya kale iliyo juu ya kilima, nyuma ya mji mdogo huko huko. Akanitumia picha ya ukuta uliomeguka. Baada ya hapo simu yake haikupatikana siku mbili, na polisi wakaniambia ningoje.

Ningoje nini? Siku ya tatu nikafunga duka, nikamfuata pamoja na Msabaha, rafiki yake anayempakilia mizigo. Tulifika jioni. Chini ya kilima nikamwonyesha muuza maji picha ya Haidar. "Meiyou," akasema. Hakuna, hajamwona. Akatazama juu kilimani, kisha akaanza kufunga kibanda chake.

Tukapanda. Nyasi mpaka kiunoni. Ndani ya ngome hamkuwa na paa, kuta tu na harufu ya udongo mbichi... na kitu kingine, kama chuma kilicholowa. Kupaza sauti gofuni magharibi hatukuthubutu. Tulimulika kwa simu, kimya kimya, na chini yetu mji ulikuwa ukiwasha taa.

Saa kumi na mbili na nusu nikasikia.

"Zuzu..."

Hilo ni jina la utani. Duniani hakuna aliyeniita hivyo ila Haidar.

Nikafungua mdomo. Msabaha akanishika mkono. "Usiitike," akanong'ona.

"Ni kaka yangu."

"Basi ataita tena. Subiri ya tatu."

Na mie nilijua. Ndivyo tulivyolelewa: ukiitwa magharibi na usiyemwona, kaa kimya. Binadamu ataita mara tatu, shetani huishia mbili. Bibi alikuwa akitufinya tukiitika ovyo.

"Zuzu..."

Safari hii ilitoka juu, kwenye mnara uliobomoka, mahali ambapo mtu hana pa kusimama.

Tukasubiri. Nilijiuma kidole mpaka nikaonja damu. Upepo... Kokoto zikaporomoka mahali fulani...

Ya tatu haikuja.

Tukashuka tukisoma Ayatul Kursi, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa nimeokoka.

Asubuhi polisi walimkuta ndani ya birika kavu la kuhifadhia maji, chini ya sakafu ya ngome, hatua ishirini kutoka tulipokuwa tumesimama. Mguu ulikuwa umevunjika. Daktari akasema amekufa jana yake jioni, kwa kiu. Sauti ya mnarani ilikuwa ya nani, sijui mpaka leo. Msabaha hawezi kunitazama usoni. Simlaumu, mdomo ulikuwa wangu.

Nikampigia mama Zanzibar. Nilimwambia Haidar amefariki, na mengine nikapanga kuyaficha. Hakulia.

"Jana nilimsikia," akasema. "Saa saba na nusu mchana, nakosha vyombo uani. 'Mama', nyuma yangu hapa. Nikajiambia mwanangu yuko China, huyu si yeye."

Nikahesabu saa. Saa saba na nusu ya kwao ni saa kumi na mbili na nusu ya huku.

"Aliita mara ngapi, mama?"

"Mbili," akasema. "Nikawa nangoja ya tatu."