Udongo wa Upenuni

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sawa. Ila waliotunga methali hiyo hawakutaja udongo wa kuzibia uchotwe wapi, na hapo ndipo Loisi alipojiponza.

Zama za Mwingereza hizo, huko Hasamba. Mumewe, Kefa, alikuwa kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, na habari zilifika kwamba anarudi kumwona mwanawe wa kwanza, Asajile, ambaye hata meno hajaota. Loisi akautazama ukuta wa chumbani. Lipu ya udongo ilikuwa imezeeka na kupasuka toka juu hadi chini. Mume aukute hivyo? Thubutu!

Jioni ile alishika jembe aende bondeni kuchimba udongo, kama wanawake wote. Mawingu yakatanda, bonde liko mbali, mtoto yuko mgongoni. Nyuma ya nyumba, chini ya upenu, palikuwa na udongo mweusi, laini, unaonata. Akachimba hapo hapo. Uvivu wa siku moja tu, jamani.

Akauchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, akasiriba kwa viganja, akalainisha. Ukuta ukapendeza.

Asubuhi ufa ulikuwa wazi.

Akasiriba tena. Ukafunguka tena... na safari hii kingo zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinateleza kama zimelambwa. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha. Loisi akadhani ni mtoto amecheua. Akafua nguo zote, akaanika mikeka. Harufu ikabaki pale pale.

Kisha maziwa yake yakakauka. Asajile alivuta titi, akaliachia, akalia. Uji aliutema. Mbavu zikaanza kuhesabika, na Loisi akasahau habari za ukuta. Sasa aliogopa kwamba atamzika mwanawe kabla baba yake hajamwona.

Jioni moja, jua likizama, akasikia.

Cho... cho... cho...

Sauti ya kunyonya. Lakini Asajile alikuwa amelala kitandani, mdomo wazi. Sauti ilitoka ukutani. Loisi akasogea. Tone jeupe lilikuwa likichuruzika kutoka kwenye ufa. Akaingiza kidole.

Ufa ukakibana.

Mle ndani mlikuwa na joto. Mlikuwa na ute. Fizi laini, zisizo na jino hata moja, zikakifinya kidole na kukivuta... cho, cho, cho... na matiti yake yakaanza kumwaga maziwa yenyewe, yakalowesha kaniki. Akakichomoa kidole kimefunikwa utando mzito, unanuka. Akatapika. Akatapika tena, kwa kinyaa cha mwili wake mwenyewe, maana maziwa yalikuwa bado yanauitikia ukuta.

"Mama!"

Akambeba mtoto, akakimbilia kibanda cha uani, kwa mama mkwe wake, Ferista. Bibi hakushtuka. Alikishika kile kidole, akakinusa muda mrefu mno.

"Udongo ulichota wapi?" akanong'ona.

"Chini ya upenu, mama."

Ferista akakaa chini.

"Kabla ya Kefa nilizaa mwingine, kwenye nyumba hiyo hiyo unayolala. Akafa hajaota meno. Wa namna hiyo haendi makaburini, mwanangu, wala haliliwi. Anazikwa upenuni, karibu na mama, ili tumbo lisifunge, azae tena. Hata jina sikuruhusiwa kumtaja."

"Mbona hukuniambia? Kwetu Mbebe tunawazika migombani!"

"Hapa nani asiyejua? Nani anachimba upenuni?" Akamtazama Asajile. "Udongo wote urudi. Likibaki hata donge moja, ataendelea kudai."

Wakaubandua usiku uleule. Ulitoka vipande vipande, umelowa, kama gaga la kidonda kibichi, na kila kipande kilikuwa na joto. Loisi alibandua huku amegeuza uso. Ferista alibeba makapu mwenyewe. La mwisho alilikumbatia. Wakafukia, wakashindilia.

Maziwa yakarudi. Asajile akanyonya, akanenepa. Loisi akaenda bondeni mchana kweupe, akaleta udongo halali, na ukuta ukatulia. Akaanza tena kuimba nyimbo za kanisani.

Siku aliyotazamiwa Kefa kufika, jua likielekea kuzama, Loisi alimpelekea mkwe wake mboga, mtoto mgongoni. Mlango wa kibanda ulikuwa umerudishwa. Akataka kubisha.

Akasikia harufu. Maziwa yaliyochacha.

Akachungulia. Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na kiraka kipya cha udongo mweusi, kidogo tu, upana wa kiganja. Katikati kina ufa. Ferista alikuwa amevua nguo ya juu, amelibandika titi lake kavu pale, amefumba macho, machozi yanamtoka.

"Nyonya, baba," alinong'ona. "Nyonya. Leo mama yupo."

Cho... cho... cho...

Titi la bibi halikuwa na kitu tangu Kefa aachishwe kunyonya. Loisi akahisi kaniki yake inalowa kifuani.

Mgongoni, Asajile akaanza kulia njaa.