Chumvi Katika Unga wa Hansa

Kabla ya alfajiri jiwe la kusagia lilikuwa likikwaruza taratibu. Nilikuwa nasaga ngano, na mjukuu wangu Jivti, wa miaka kumi na mmoja, ananishikia chungio. Ilikuwa siku ya tatu ya mfungo wa wasichana. Kwa siku tano hawali chumvi, hata hapa kwetu ambako kila nyumba inaishi kwa kuvuna chumvi.

Hansa, binti wa shangazi yake, alikuja kutoka mji wa Morbi kufunga nasi. Aliamka akicheka.

"Kicheko chako salunu, mwanangu," nikamsifu.

Jivti akanuna. "Kila siku Hansa salunu. Mimi je? Mimi ni jiwe?"

"Kanda unga, maneno baadaye," nikajibu, nikaenda kukamua nyati wetu wa maziwa.

Wivu ukamtuma Jivti. Alichota chumvi, akaitia kwenye donge la unga la Hansa. Mfungo ukivunjika, msichana hawezi kuanza tena mpaka mwaka ujao.

Niliporudi chapati zilikuwa zimeiva, nikamkuta Hansa akitema tonge uani. Alimtazama Jivti, kisha akaficha chapati nyuma yake. "Nimeshiba, Bibi. Maziwa yananitosha."

"Hebu nipe." Nikaonja. Chumvi tupu.

Hansa hakumtaja mtu. Jivti ndiye aliyeanza kulia. "Ni mimi, Bibi. Nilitaka ashindwe, usimwite tena salunu."

Niliwaketisha wote wawili.

"Neno lile ni la wazee," nikasema. "Sa ni 'pamoja na', lun ni chumvi. Chakula chenye chumvi yake ndicho salunu, kina ladha. Baadaye watu wakamwita hivyo hata mtu anayependeza. Wewe Jivti umekanyaga mabwawa ya chumvi na baba yako miezi minane, mpaka nyayo zimepasuka, nami sikukusifu. Hilo ni kosa langu. Lakini ukimharibia mwenzako, wewe huongezeki ladha. Umesema kweli bila kuulizwa. Hapo ndipo ulipokolea."

"Na mfungo wangu, Bibi?" Hansa akauliza.

"Hukumeza. Mfungo upo."

Jivti akakanda unga mwingine. Hansa akasimama karibu, mikono kiunoni. "Leo mimi polisi."

"Polisi gani ana njaa hivyo?" Jivti akasema, wakacheka.

Asubuhi ya sita, mfungo umekwisha, Jivti alimpikia dengu, akatia chumvi kwa kipimo, na Hansa akaramba vidole. Kisha Jivti akambebea mfuko wake hadi kwenye basi, hataki kuuachia.

"Uje tena mwakani, dada," akasema. "Hata kabla ya mwakani, uje."