Siku Mtani Alipoacha Utani

Mume wangu, Lasane, huifuta pikipiki yake kabla hajanawa uso. Kila asubuhi. Huanza na tangi, akaja kwenye vioo, akamalizia taa.

"Na mimi nifute basi," humwambia. "Nina vumbi pia."

Pikipiki inang'aa kweli. Lakini breki hazikaguliwi kwa kitambaa, na hilo hatukulijua.

Mwezi uliopita mdogo wangu, Mamunata, alijifungua mtoto wa kike huko mjini Yako. Akatuma ujumbe: "Dada Aseta, mtoto tunampa jina lako. Jumapili asubuhi usikose."

Mimi sijajaliwa mtoto. Niliposoma ujumbe ule nilikaa chini. Nikaapa nitafika Yako hata kwa magoti.

Jumamosi asubuhi tulifunga mzigo. Gunia la karanga nyuma. Jogoo wawili wakining'inia kwenye usukani. Mimi nilivaa kitenge kipya, kirefu, kinapepea. Helmeti ilikuwa moja tu, nayo Lasane kaitundika kwenye kioo. Tukapita kwa jirani yetu, fundi Odil Zerbo, kujaza upepo.

Odil ni Msamo. Sisi ni Wamosi. Huku Burkina Faso Wasamo ni watani wetu, na utani wetu hauna likizo.

"Mtumwa wangu!" Odil akaita. "Unakwenda wapi na jogoo wangu?"

"Mtumwa ni wewe, mla mbwa!" Lasane akajibu. "Tia upepo, tuna haraka."

Odil akainama. Akapapasa tairi la nyuma.

"Tairi hili limekwisha. Litawaua."

"Wee! Utafurahi sana."

"Kwa nini nisifurahi? Nitalala kaburini mwako mpaka ndugu zako wanipe kuku."

Watani wetu hufanya hivyo kweli mazikoni, na wafiwa hucheka. Lasane alicheka mpaka machozi. Akawasha pikipiki. Mimi pia nilicheka, mjinga mimi.

Odil hakucheka. Alichomoa ufunguo. Akapangusa mikono, akapiga goti kama anamwamkia mkwe, akainamisha macho.

"Mheshimiwa Sawadogo," akamwambia Lasane taratibu, kwa jina la ukoo. "Nakusihi. Usimpakie mkeo kwenye pikipiki hii."

Lasane akaganda. Wamejuana miaka kumi na mmoja. Hajawahi kumwita hivyo hata siku moja.

"Odil, unaumwa?"

"Siumwi, bwana mkubwa."

"Acha bwana, unanitisha!"

"Basi njoo uone."

Tukachuchumaa. Tairi lilikuwa limelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana.

"Sasa isukume," Odil akasema. "Halafu kanyaga breki."

Lasane akasukuma, akakanyaga. Pikipiki ikaendelea kwenda, haina habari.

"Odil, tutafika kweli?" nikauliza.

"Mtafika leo leo, dada. Mkiwa wazima."

Alifanya kazi mpaka karibu adhuhuri, huku akitueleza. Alivua tairi bovu, akatia jipya. Akabadilisha breki, mbele na nyuma. Akakaza cheni iliyolegea na kuipaka mafuta.

"Mkiwa wawili na mzigo, tairi linataka upepo zaidi," alisema. "Pima kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi. Angalia na oili. Washa taa uone."

Kisha akawageukia jogoo. "Hawa watoke kwenye usukani. Wakipiga mabawa, utakata kona vipi?"

Tukawatia kwenye kikapu, tukakifunga juu ya gunia. Gunia lenyewe tulilipunguza nusu.

"Na wewe, dada, kitenge hicho kitaingia kwenye gurudumu. Kitakuvuta mpaka chini. Vaa suruali, kitenge utavaa ukifika."

Akaingia ndani, akatoka na helmeti yake. Akanivalisha mwenyewe, akanifunga mkanda kidevuni.

"Helmeti ya kwenye kioo inalinda kioo," akamwambia Lasane. "Haya, potea mbele yangu, mtumwa!"

Lasane akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Amepona!"

Tulipokaribia Yako, mkokoteni wa punda ulichomoka kichakani na kuziba njia yote. Nilifumba macho. Lasane akabana breki ya mkono, akakanyaga ya mguu. Pikipiki ikasimama. Nilipofumbua macho, gurudumu la mkokoteni lilikuwa hatua moja mbele yetu. Punda alitutazama tu, akaendelea na safari yake.

Tulishuka. Lasane akanigeukia.

"Aseta, uko salama?"

"Niko salama."

Akaniuliza tena. Nikajibu tena.

Tangu siku hiyo hafungi safari kabla ya kukagua matairi, breki, cheni, oili na taa. Kitambaa huja mwisho. Jumapili ile hata wageni hawakupona. Alizunguka uani akibonyeza breki za pikipiki zao, wakwe wakimshangaa.

Mimi nilikuwa ndani, nimempakata mtoto. Sheikh akasoma dua, kisha akatamka jina kwa sauti.

"Aseta."

"Abee!" nikaitika.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hakuwa ananiita mimi. Nilicheka nao huku nalia, nikambana mwenye jina kifuani.