Maua ya Manjano Mbele ya Kibanda cha Fundi Saa

Fundi saa alikutana na muuza miche langoni mwa soko, asubuhi watu wakisukumana, kwa kumkanyagia mche.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Nilidhani ni magugu."

"Magugu! Haya ni maua ya porini, ya kwetu hapahapa. Yanachanua manjano, hayaombi mbolea, na yanarudi kila mwaka. Chukua, ukayauguze mwenyewe!"

Akayapanda mbele ya kibanda chake. Muuza miche, gauni la buluu na kucha zimejaa udongo, akawa anapita kila jioni kuyakagua, ingawa hakuna ua duniani linalohitaji kukaguliwa kila jioni. Yalipochanua, wawili hao walikuwa wameshafika kwenye "mpenzi" na "asali wangu".

Kiangazi, fundi alikwenda kumuuguza mama yake mwezi mzima.

"Maua yetu hayajambo?" aliuliza kwenye simu.

"Hayajambo. Wewe rudi tu, wangu."

Akarudi, akakuta udongo mtupu. Kaniacha, akajisemea, kang'oa kila kitu. Badala ya kuuliza, mwanamume mzima akanuna, na simu zikaita bila kupokelewa.

Siku ya tano muuza miche aliingia kibandani, macho mekundu.

"Nimepata kazi mji mwingine, kesho naondoka. Nilitaka uniambie niende au nibaki. Nimekupigia mara kumi na saba!"

"Nipokee nini, nawe umeng'oa maua yetu?"

Muuza miche akamkazia macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimeyakata, sikuyang'oa! Kiangazi hukatwa mpaka chini, mizizi ipumzike. Njoo nje uchutame."

Mbele ya kibanda, akakwangua udongo kwa kidole. Machipukizi mabichi yalikuwa pale, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Nimekuwa mjinga."

"Sana."

"Usiende."

"Nibaki kwa ajili ya nini? Maua?"

"Ubaki nikuoe. Nilirudi na neno hilo mdomoni. Hata mama anajua."

Muuza miche akajifuta kidole kwenye aproni ya fundi.

"Mpigie. Nisikie kwa masikio yangu."

Fundi akapiga, akaiweka simu kwa sauti kubwa.

"Enhe, mwanangu," mama akadakia, "umemwambia, au umenuna tena?"

Muuza miche akainyakua simu.

"Alianza kwa kununa, mama. Lakini nimekubali."