Wingu Jeupe Chini ya Boneti

Watson alikuwa na lori moja kuukuu. Alibeba samaki wakavu kutoka Nchelenge mpaka Kawambwa. Mke wake Rosaria ndiye aliyewakausha samaki hao juu ya moto. Mara nyingi walisafiri pamoja.

Asubuhi moja mwaka 1956 walibeba pia mgonjwa. Felistus, mdogo wake Watson, alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilimvimba na kichwa kilimuuma sana. Mkunga alisema ni lazima afike hospitali ya misheni, iliyokuwa njiani, siku hiyohiyo. Wakamketisha mbele, katikati yao. Nyuma, juu ya magunia, alikaa abiria mmoja tu. Huyo alikuwa Mukuka, fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji za mji wa Elisabethville, Kongo.

Njia ilikuwa na mchanga mzito. Lori lilivuta kwa shida. Ghafla wingu jeupe likatoka chini ya boneti.

"Moto!" Rosaria alipiga kelele.

Watson akasimamisha lori. Alichukua ndoo ya maji, akafungua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, yaani tangi la maji ya injini.

"Wacha! Usifungule!" Mukuka aliruka chini.

"Ndugu yangu iko mugonjwa, baba. Hatuna saa ya kupoteza!"

"Maji ile inachemka, na imefungiwa ndani. Ukifungula itakurukia mu uso na mu mikono. Ukiungua, nani ataendesha lori?"

Watson alimtazama Felistus, kisha mke wake. Hakukuwa na dereva mwingine. Akashusha mkono.

"Zima injini," Mukuka alisema kwa upole. "Tungojee ipoe."

Kungoja kulikuwa kugumu. Felistus alifumba macho. Rosaria alimpepea kwa chitenge.

"Mama, wewe kila siku uko karibu na moshi," Mukuka alimwambia. "Ile iliyotoka ilinuka namna gani?"

Rosaria alifikiri. "Haikunuka. Na ilipotea mbio mu hewa, kama mvuke ya chungu."

"Basi haikuwa moto. Ni maji. Kama ni waya inaungua, ungesikia harufu kali ya mupira. Hapo tungezima yote na kutoa waya ya betri."

"Na ule moshi wa bluu, unatoka nyuma kila asubuhi? Ule unanuka kama mafuta ya samaki ikidondoka mu moto," Rosaria aliuliza.

Watson aliinamisha kichwa. "Ni kidogo tu," alisema.

"Kidogo leo," Mukuka alijibu. "Ile ni oili inaungua ndani ya injini. Upime oili kila siku, halafu uniletee lori. Moshi ukiwa mweusi, petroli ni mingi, ao hewa haipite muzuri. Na moshi mweupe ukitoka nyuma bila kuisha, hata injini ikiwa ya moto, maji imeingia ndani. Hapo usiendeshe tena."

Injini ilipopoa kabisa, Mukuka alifunika kifuniko kwa kitambaa kinene, akakizungusha polepole. Tangi lilikuwa karibu tupu. Rosaria ndiye aliyeona tundu. Paipu ya mpira ilikuwa imepasuka karibu na mwisho wake. Mukuka alikata sehemu mbovu kwa kisu, akaingiza paipu tena na kuikaza kwa kibano chake. Watson akawasha injini, kisha akamimina maji kidogo kidogo. Hakuna tone lililovuja.

Walifika hospitali kabla ya jua kuzama. Felistus alipewa kitanda na dawa. Baada ya wiki tatu alijifungua mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa wazima.

Mwezi uliofuata Mukuka alifungua injini, akabadilisha ringi zilizolika, zile pete zinazozuia oili isiungue. Moshi wa bluu ukaisha.

Tangu hapo, Watson hakuwasha lori kabla ya kulikagua. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alitazama maji, paipu na oili. Abiria wengine walinung'unika kwamba anawachelewesha.

"Mutu mwenye haraka ashuke, atembee," Rosaria aliwaambia.

Hakuna hata mmoja aliyeshuka.